Baba pombe, kaka unga, mimi mkeka: hii ni damu moja au kuna kitu kingine?

#1 Mtoto wa Chilonwa

Wakuu habari za jioni. Niko Nkuhungu, umeme umekatika, simu ina asilimia 31, kwa hiyo nikinyamaza msidhani nimekimbia uzi wangu.

Marehemu baba alikuwa mnywaji. Si mnywaji wa harusi na misiba, mnywaji kabisa. Pombe ya mtama, wanzuki, gongo ikipatikana, na viroba vilipoingia ndio akaoga humo. Tangu mimi nikiwa mdogo, asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka hawezi kufikisha kikombe mdomoni bila kumwaga. Akabuni mtambo wake: anapitisha kanga ya mama shingoni, ncha moja anaikamata pamoja na kikombe, ncha nyingine anaivuta kwa mkono wa pili polepole mpaka kikombe kinagota mdomoni. Kikombe cha tatu mikono inatulia, ndipo anaanza kutuita kwa majina na kuuliza habari za shule. Ini lilimuua 2014.

Kaka yangu alikwenda Dar kubeba mizigo, akarudi teja. Sasa yuko kwenye methadoni, ile dawa ya kuachia unga, na kwa kweli anaendelea vizuri, amenenepa. Ila akishakunywa dozi yake asubuhi, siku nzima yuko kibanda cha kubeti. Unga kauacha, mkeka kauanza.

Mimi kwa yale ya baba niliapa. Nina miaka 38 na pombe sijawahi kuionja. Lakini mwaka juzi niliuza pikipiki iliyobakiza marejesho mawili, nikatandika mkeka wa timu kumi na nne. Kumi na tatu zikatiki. Ya kumi na nne ikafungwa dakika ya 93. Usiku uleule nikaenda kukopa kausha damu ili nirudishe. Wanaojua neno "nirudishe" wamenielewa.

Kilichonifanya niandike ni cha juzi Jumamosi. Mke wangu anafua sare za mtoto, yuko darasa la sita, akageuza soksi, sarafu za mia mbili zikamwagikia kwenye beseni. Tisa. Dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, liko duka la tatu kutoka kwetu. Sikumpiga. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikazihesabu mara mbili.

Swali: pombe, unga na kamari ni vitu vitatu tofauti. Kamari hata huimezi. Sasa inakuwaje kwetu vinapokezana kama kijiti? Kuna kitu kwenye damu au ni mazoea? Naomba maelezo, mahubiri nimeshasikia ya kutosha.

#2 Dubwi Halilali

Nimeweka kigoda hapa mbele. Ila mkuu, timu kumi na nne? Mimi huwa naishia tano.

#3 Mzee wa Msalato

Mwanangu Chilonwa, mbukwa. Kabla hawajaja wataalamu na maneno yao nikuulize la kwetu. Wewe umepewa jina la nani? Na kaka yako? Na huyo mtoto wa sarafu, mlimpa jina la nani?

Sisi tuliokulia kwa wazee tunajua jina haliji mikono mitupu. Ukimwita mtoto jina la babu yake mlevi bila wazee kukaa na kusema maneno, usishangae akimfuata. Nimeona Bahi nyumba tatu za hivyo.

#4 Nesi wa Zamu

Pole Chilonwa. Nimetoka zamu sasa hivi, nitaandika kadiri usingizi utakavyoniruhusu.

Jibu fupi: ndiyo, kuna kitu kwenye damu, na ndiyo, sehemu ya kitu hicho ni ileile kwa pombe, unga na kamari.

Jibu refu. Watafiti huwalinganisha mapacha wanaofanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na mapacha wasiofanana, ambao wanashirikiana nusu kama ndugu wengine. Kama tabia fulani inafuatana sana kwa wanaofanana kuliko wasiofanana, basi kuna urithi. Kwa ulevi wa pombe, tafiti hizo zikijumlishwa zinatoa urithi wa kama asilimia 50. Kokeini ni zaidi ya hapo, mpaka 72 hivi. Kamari nayo inacheza kwenye nusu.

Halafu kuna walioasiliwa. Sweden wana daftari la kila kitu, kwa hiyo 2012 timu ya Kenneth Kendler iliwafuatilia watoto zaidi ya 18,000 walioasiliwa. Ambao mzazi wao wa kuzaa alikuwa mraibu wa dawa za kulevya, asilimia 8.6 wakaingia kwenye dawa. Wengine, asilimia 4.2. Na hawakulelewa na wazazi hao.

Kwa nini kamari inaingia humo wakati huimezi? Kwa sababu mwisho wa safari zote ni sehemu moja ya ubongo, ile inayotoa kemikali iitwayo dopamini na kukuambia "hiki rudia". Ushahidi ninaoupenda ni wa wagonjwa wa Parkinson, wale wa kutetemeka. Wanapewa dawa zinazoigiza dopamini, na baadhi yao, watu wazima waliokuwa hawajawahi kugusa kamari, wakaanza kucheza mpaka wakauza vitu. Dawa ikapunguzwa, kamari ikaisha.

Kifupi, baba yako, kaka yako na wewe mlipanda magari tofauti yanayokwenda kituo kimoja.

#5 Kondakta Mstaafu

Nesi asante, ila mbona unazunguka? Jeni ya ulevi ilishagunduliwa mwaka 1990 huko Marekani, iko kwenye kipokezi cha dopamini. Ilitangazwa kwenye magazeti yote. Unapima, unajua, yameisha.

#6 Mkaguzi

Kondakta umeshusha abiria kabla ya stendi.

Aprili 1990 Kenneth Blum na Ernest Noble walitoa utafiti kwamba alama fulani karibu na jeni ya kipokezi cha dopamini, DRD2, imeonekana sana kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa walevi. Desemba ya mwaka huohuo, kwenye jarida lilelile, timu nyingine ikasema tumerudia, hatukuona kitu. Wakabishana miaka. Baadaye ikagundulika ile alama yenyewe haiko hata ndani ya DRD2, iko kwenye jeni jirani inayoitwa ANKK1. Kwa hiyo "jeni ya ulevi" ikawa kama kiwanja cha Dodoma chenye hati mbili.

Na Nesi naye nimshike kidogo. Asilimia 50 haina maana kwamba nusu ya ulevi wa mtu imetoka kwa baba yake, wala kwamba mtoto wa mlevi ana nafasi nusu kwa nusu. Inapima tofauti KATI ya watu wa kundi fulani, mahali fulani. Chukua mbegu mchanganyiko za mtama, zipande shamba moja lenye rutuba sawa. Tofauti ya urefu utakayoiona itatokana zaidi na mbegu. Nusu ya mbegu hizohizo peleka kwenye kichuguu, nusu acha jangwani, na urithi wa urefu utashuka, ingawa mbegu ni zilezile.

#7 Dubwi Halilali

Kiwanja chenye hati mbili 😂😂 Mkaguzi hapo umegusa watu wengi.

#8 Fundi wa Kizota

Nimesoma yote. Mimi naona mnamwacha mwizi mnakimbizana na kivuli chake.

Chilonwa amesema mwenyewe: dubwi liko duka la TATU kutoka kwake. Sheria inasema kamari ni miaka 18 na kuendelea, lakini mtoto wa darasa la sita akiwa na mia mbili nani anamuuliza? Mimi nimekuja Kizota 2006, hakukuwa na dubwi hata moja mtaani. Leo ninayahesabu manane kati ya gereji yangu na kituo cha daladala. Jeni za watu wa Kizota zimebadilika kwa miaka hiyo? Damu ni ileile, kilichobadilika ni mashine.

Angalieni viroba. Vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kuna vijana wangu wawili hapa gereji walikuwa wanaanza na kiroba saa mbili asubuhi. Vilipoondoka mmoja aliacha bila kanisa wala daktari, kwa sababu chupa nzima hawezi kuinunua.

Na kuna ile ya wanajeshi wa Kimarekani Vietnam. Heroini ilikuwa bei ya karanga, karibu mmoja kati ya watano akawa mraibu. Mama mmoja mtafiti, Lee Robins, akawafuatilia waliporudi kwao. Kati ya waliokuwa waraibu, kama asilimia 5 tu ndio walirudia uraibu miezi kumi ya kwanza. Vinasaba walirudi navyo kwenye ndege ileile. Ambacho hawakurudi nacho ni Vietnam.

#9 Nesi wa Zamu

Fundi, naikubali sana hiyo ya Vietnam, ila jibu upande wa pili: wanajeshi wote walikuwa Vietnam ileile, bei ileile. Kwa nini wanne kati ya watano hawakuwa waraibu?

#10 Fundi wa Kizota

Kwa sababu walikuwa na adabu. Natania. Nipe muda.

#11 BintiKondoa

Assalaam aleykum. Naharibu hesabu zenu zote. Kwetu Kondoa, ukoo mzima hakuna anayejua harufu ya pombe. Baba, babu, ami zangu wote, hata sigara hapana. Lakini mdogo wangu wa mwisho amebeti ada ya chuo mihula miwili, tukagundua siku ya mtihani. Hiyo damu yake ameitoa wapi?

#12 Mkaguzi

Waaleykum salaam. Kutokunywa kwa sababu ya dini hakuonyeshi mbegu haipo, kunaonyesha haikupata mvua. Babu yako angeweza kuwa na uelekeo uleule akaufia nao bila kuujua.

#13 BintiKondoa

Mkaguzi, hapo sasa unanipa maelezo ambayo hayawezi kukosea. Akilewa ni jeni, asipolewa jeni imelala. Mzee wa Msalato naye atasema hivyohivyo kuhusu jina. Mna tofauti gani?

#14 Mzee wa Msalato

Binti ana akili huyu. Ameshaolewa?

#15 BintiKondoa

Mzee tulia 😂 Ila umenikumbusha kitu. Babu mzaa mama alikuwa na kikopo cha ugoro. Kikipotea nyumba nzima hailali, tunapekua mpaka mashudu ya kuku. Hatukuwahi kuuhesabu kama ulevi. Haya, nimejifunga mwenyewe, endeleeni.

#16 Nesi wa Zamu

Swali la Binti ni zuri na lina jibu: maelezo haya yanaweza kukosea, ndiyo maana watu wanapima.

Kuna vinasaba vya jumla na vinasaba vya kitu maalumu. Vya kitu maalumu mfano wake mzuri uko Asia Mashariki. Watu wengi kule wana aina ya jeni inayoitwa ALDH2 isiyofanya kazi vizuri. Pombe ikifika kwenye ini inageuzwa sumu fulani, na kwao ile sumu haisafishwi haraka. Glasi moja uso unakuwa mwekundu, moyo mbio, kichefuchefu. Wenye hali hiyo wanakuwa walevi kwa nadra. Hiyo ni kinga ya pombe peke yake. Haimsaidii kitu mbele ya dubwi, maana dubwi halipiti kwenye ini.

Tumbaku nayo ina zake: kuna vipokezi vya nikotini ambavyo jeni yake iko kromosomu ya 15, ukiwa na aina fulani unavuta sigara nyingi kwa siku. Hiyo nayo haihusiani na mkeka.

Vya jumla ndivyo vinavyomhusu Chilonwa. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya milioni moja. Kwa wenye asili ya Ulaya wakapata sehemu 19 za vinasaba zinazohusiana na uraibu kwa ujumla, na nyingine 47 zinazohusu kitu kimojakimoja. Na Kondakta ufurahi: DRD2 yako imerudi humo.

#17 Kondakta Mstaafu

NILISEMA. Mkaguzi lete nauli yangu.

#18 Mkaguzi

Imerudi kama abiria mmoja kwenye basi lililojaa, si kama dereva. Kila sehemu katika hizo inasukuma kidogo sana. Hakuna atakayekupima moja akakwambia mtoto wako atabeti.

Nesi, nakuheshimu, lakini weka wazi mambo mawili. La kwanza, utafiti huo ulihusu pombe, tumbaku, bangi na dawa za jamii ya afyuni. Kamari HAIKUWEMO. La pili, ile milioni moja ni watu wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa elfu tisini na ushee tu. Kutoka hapo kuja kutafsiri soksi ya mtoto wa Nkuhungu ni safari ndefu.

#19 Nesi wa Zamu

Kamari nakubali, nimeteleza, nilikuwa naandika nasinzia.

Ila kamari ina ushahidi wake. Mapacha wa Kimarekani wa enzi ya Vietnam (tena hao, Fundi) walichunguzwa na Wendy Slutske, matokeo yakatoka mwaka 2000. Sehemu ya urithi wa kamari ya kupindukia ilikuwa ileile ya ulevi wa pombe. Ngoja nitaje kiasi kabla Mkaguzi hajaja: asilimia 12 hadi 20 ya ule urithi. Si mingi, lakini si sifuri. Kwa hiyo kuna mzizi wa pamoja, na kuna mizizi ambayo kila mmoja anajitegemea.

Kingine: dawa inaitwa naltreksoni inatumika kwa walevi. Walipoijaribu hiyo na dawa ndugu yake kwa wacheza kamari, walioitikia vizuri zaidi walikuwa ni wale wenye walevi kwenye ukoo wao. Mcheza kamari ambaye baba yake alikuwa mlevi anasaidiwa na dawa ya mlevi. Nikisoma hiyo namkumbuka Chilonwa.

#20 Mechi za Uhakika

Habari wadau, acheni mawazo. Nina mechi tatu za uhakika kesho, odi 47, nimetoa mikeka 11 mfululizo haijachanika. Njoo inboksi, ada elfu kumi tu.

#21 Dubwi Halilali

Wewe kama una mechi za uhakika elfu kumi yangu unaitakia nini?

#22 Fundi wa Kizota

Kwenye uzi wa WARAIBU jamani. Huyu angeuza viberiti kwenye kituo cha mafuta.

#23 Kondakta Mstaafu

Odi 47 ni timu gani lakini? Nauliza tu.

#24 Neema Tele

Bwana Yesu asifiwe. Nilikuwa mlevi miaka kumi na moja, siku moja nimeguswa kwenye mkutano wa injili pale viwanjani, sijarudi nyuma tangu 2016. Hakuna jeni wala dopamini. Ni vifungo vya ukoo na vinavunjwa. Sasa niko mkesha Jumatano, Ijumaa na Jumapili, mfungo kila mwezi, na nikikosa ibada moja mwili mzima unauma.

#25 BintiKondoa

Dada Neema hongera sana kwa kuacha. Ila hiyo sentensi ya mwisho irudie polepole.

#26 Neema Tele

Nimeirudia. Nimecheka. Lakini bora uraibu huu, unarudi nyumbani na nauli.

#27 Mkulima wa Hombolo

Nimechelewa, nilikuwa shambani, zabibu zinataka kupogolewa. Nina kisa cha mapacha, na hawa si wa Marekani.

Kibaigwa, soko la mahindi. Mapacha wa kiume, wanafanana mpaka mama yao alikuwa anawatambua kwa kovu la nyusi. Wote walianza kubeba magunia wakiwa vijana. Mmoja, nimwite Kulwa, pombe ilimchukua mapema. Mwenzake, Doto, alioa dada mmoja mkali sana, akaacha kunywa mwaka uleule. Kila mtu akasema mnaona, mapacha wale, damu moja, mmoja kanusurika, kwa hiyo ni malezi na mke.

Mimi nilimkopesha Doto pesa za mbegu ndio nikamjua. Doto hanywi. Doto ananunua na kuuza. Mahindi, alizeti, mbuzi, simu mbovu, kila kitu. Anamnunulia mtu gunia shambani halijavunwa, anauza kabla halijafika, pesa hiyo ananunulia kingine. Usiku halali, anahesabu. Alishauza bati za nyumba anayoishi, mke amelala ndani, kwa sababu alizeti itapanda. Ikapanda kweli! Akajenga. Mwaka uliofuata ikashuka, akaziuza tena.

Watu wa Kibaigwa wanamwita Kulwa mlevi na Doto mpambanaji. Mimi nikiwatazama machoni wakiwa kazini, mmoja kilabuni na mwingine mnadani, ni jicho lilelile.

#28 Nesi wa Zamu

Mkulima, naomba ruhusa ya kuwasimulia wenzangu kazini hiki kisa.

#29 Mkaguzi

Kisa kizuri mno. Mapacha wawili si utafiti lakini kisa kizuri. Na kinagusa kitu: mwaka 2021 walichanganya data za watu milioni moja na nusu kuhusu ulevi, uvutaji, kuthubutu, kukosa subira, mambo ya namna hiyo, wakapata sehemu zaidi ya 500 za vinasaba zinazoyaunganisha. Maana yake huenda kinachorithiwa si kupenda pombe. Ni jinsi mtu anavyopima "sasa hivi" dhidi ya "baadaye". Kwenye soko la mahindi hiyo inaweza kukupa nyumba.

#30 Fundi wa Kizota

Ndiyo maana nasema mazingira! Kulwa na Doto tofauti yao ni mke.

Halafu Nesi alitaja Asia akaacha utamu. Japani ile kinga ya uso mwekundu ilikuwa inawazuia watu kweli. Mwaka 1979, kati ya walevi waliokuwa wanatibiwa, wenye hiyo jeni ya kinga (nakala moja) walikuwa asilimia 2.5. Mwaka 1986 wakawa 8. Mwaka 1992 wakawa 13. Jeni hazikubadilika. Pombe iliongezeka, kunywa na bosi baada ya kazi ikawa lazima, kinga ikazidiwa. Nimeitafuta jana usiku kwa ajili ya huu uzi, mke wangu ananiuliza unachati na nani.

#31 Nesi wa Zamu

Fundi wewe acha spana uje hospitali. Ni kweli kabisa. Na wale wa Sweden ilikuwa hivyohivyo: mwenye urithi mbaya alipoangukia pia familia ya kulea yenye matatizo, hatari ilipanda zaidi ya kujumlisha tu.

#32 Mama wa Makole

Nyote mmesahau kitu kimoja. Mtoto aliyemtazama baba akijifunga kanga shingoni ili anywe, huyo ameumia. Marekani mwaka 1998 daktari Felitti na wenzake walionyesha waliopitia maumivu ya aina nne na zaidi utotoni, hatari yao kwa ulevi, dawa za kulevya na kujaribu kujiua iliongezeka mara 4 hadi 12. Chilonwa na kaka yake walikuwa chumba kimoja. Kabla hamjamtoa damu, mwulizeni alikuwa na miaka mingapi.

#33 Mkaguzi

Sahihi, ingawa mzazi anayesababisha hayo maumivu ndiye huyohuyo anayetoa vinasaba. Kuvitenganisha ndani ya nyumba moja ni kazi.

#34 Mama wa Makole

Kwako ni kazi, Mkaguzi. Kwa aliyekuwa ndani ya nyumba ilikuwa ni saa kumi na mbili asubuhi.

#35 Mtoto wa Chilonwa

Umeme umerudi. Wakuu nimesoma kila neno, asanteni.

Mama wa Makole, nilikuwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuleta ile kanga.

Mzee wa Msalato, shikamoo. Mtoto amepewa jina la baba. Mama aliomba. Nilimpigia jana, ameniambia babu mzaa baba hakuwa mnywaji kabisa, alikuwa mcheza bao, tena la kuwekeana mbuzi. Alipoteza zizi lote kabla ya uhuru, baba akakua akichunga mbuzi za watu. Hii nilikuwa siijui, na sasa sijui niiweke upande wa Nesi au upande wako.

Kaka nimemsomea uzi mzima. Kwenye ile ya dopamini akasema "ndio hiyohiyo". Akaniomba elfu mbili. Nikampa elfu.

Mtoto nimekaa naye. Nilijipanga: sitafoka, nitamsikiliza kwanza. Akanieleza dubwi linavyofanya kazi. Anajua kila tunda. Tufaha linatoka mara nyingi ila linalipa kidogo, kengele inakuja usiku, mashine ikimaliza kumwaga usiiguse mpaka watu watatu waliwe. Anaongea mikono inakwenda, macho yanawaka, sijawahi kumwona hivyo hata akiongelea mpira. Nikawa natikisa kichwa kama mzazi. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe inauliza, "Na ikitoka tikiti maji?"

Mke wangu alikuwa mlangoni.

#36 Mzee wa Msalato

Njoo Msalato Jumamosi siku ya mnada, mje wewe na mtoto. Nyama juu yangu. Kuhusu jina tutaongea.

#37 Nesi wa Zamu

Nenda kwa Mzee, na siku nyingine njoo kliniki ya afya ya akili na kaka yako, waambie kuhusu kubeti, si unga peke yake. Watu huwa hawasemi kwa sababu hakuna anayewauliza.

#38 Fundi wa Kizota

Na mimi naja Msalato. Nikitoka huko nampitia mwenye hilo duka la tatu.

#39 Dubwi Halilali

Pole sana mkuu, nimesoma nimeumia.

Tikiti maji inalipa ngapi hiyo ya kwenu?

#40 BintiKondoa

Halilali.

#41 Dubwi Halilali

Nimeshafuta. Mbona haifutiki?